Miezi Kumi na Saba ya Hardat Seecharan

Bibi yangu Dhanrajie hajui kusoma wala kuandika, lakini mwaka ule aliporudi New York baada ya kukaa Guyana miezi kumi na mmoja, alikuwa na neno moja la kumwambia ofisa wa uhamiaji. Aliyemfundisha neno hilo ni Hardat Seecharan, jirani yetu wa pale Richmond Hill. Alimfundisha kwa simu, kila Jumapili, kama mwalimu wa chekechea.

"Bibi, wakikuletea karatasi ya kuacha ukaazi, mikono unaiweka wapi?"

"Naikalia."

"Unaikalia. Na wakikuuliza?"

"Nataka hakimu."

"Wakisema ni kitu kidogo tu, weka sahihi upumzike?"

"Nataka hakimu. We Hardat, kwani mimi mtoto?"

Walimkalisha kwa saa tatu pale uwanja wa ndege. Akaikalia mikono yake, akadai hakimu mpaka wakamgongea mhuri na kumwacha apite. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua na teksi yangu. Alitoka akicheka, meno ya juu hana, akaniambia, "Khem, mpelekee mtu yule kuku mzima."

Hardat alikuwa hivyo kwa watu wengi. Kazi yake ilikuwa kutunza boila, ule mtambo wa joto, kwenye jengo moja la ghorofa sita, na kila Jumamosi alifungua mlango wa chumba cha chini ya nyumba yake, akavaa miwani, watu wakapanga foleni na bahasha zao. Fomu za uraia, fomu za kuita mke, fomu za kibali cha kurudi kwa wanaosafiri muda mrefu. Hakutoza kitu. Malipo yake yalikuwa kufoka.

"Miezi sita, wanaanza kukuuliza. Mwaka mmoja, kadi yako ni kipande cha plastiki! Nimesema mara ngapi? Kadi ya ukaazi ni ya mtu anayekaa. Neno lenyewe si linajieleza?"

Watu waliinamisha vichwa. Mkewe, Shangazi Kowsilla, alikuwa akiteremka ngazi na chai, akisema kwa upole, "Hardat, sauti. Mtoto wa watu analia."

Kitu kimoja hatukukiuliza sana: mbona yeye mwenyewe hakuwa raia? Miaka ishirini na mbili alikuwa na kadi tu. Akiulizwa anasema barua yake ya kuitwa kwenye usaili ilipotea posta. Tulilikubali jibu hilo, kwa sababu nani angemshuku Hardat kwenye mambo ya barua?

Mwezi wa Oktoba kaka yake, Ramnaresh, alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Alikuwa mjane, hana mtoto, anaishi peke yake kwenye nyumba ya wazazi wao huko Corentyne, Guyana, nyumba ya mbao iliyonyanyuliwa juu ya nguzo. Hardat alikata tiketi siku hiyohiyo. Nilikuwepo sebuleni kwao wakati Shangazi Kowsilla anamfungia sanduku.

"Na kile kibali cha kurudi?" akamuuliza. "Si unatakiwa uombe kabla hujaondoka?"

"Wiki sita, Kowsilla. Mtu anaomba kibali kwa wiki sita? Unanifundisha mimi?"

"Nimeuliza tu."

"Basi usiulize. Weka soksi."

Ramnaresh alifariki mwezi wa Desemba. Habari ilifika Richmond Hill kabla maiti haijaoshwa, na hekaluni tukamwombea. Hardat akafanya ibada za siku kumi na tatu, akanyoa kichwa. Halafu akabaki kushughulikia hati ya nyumba na shamba la mpunga, na hilo lilieleweka. Karatasi za ardhi kule kwetu hutembea kwa magoti.

Sasa yanayofuata alinisimulia Hardat mwenyewe, miaka ilipokwisha kupita. Hayakumtoka kwa urahisi.

Hati ile ilikamilika mwezi wa Aprili. Msajili alimpa karatasi mkononi, na mhuri wake, na jambo likaisha. Lakini wakati huo tayari chini ya ile nyumba, pale penye kivuli baina ya nguzo, palikuwa na meza, na watu walikuwa wakija. Kwanza jirani mmoja na barua ya mwanawe wa Toronto. Kisha watu wa kijiji cha pili. Halafu wakaja kwa basi kutoka mbali. Wakamwita Wakili. Kwenye arusi alikalishwa karibu na padri wa Kihindu, akapewa chakula mwanzo, kabla ya wazee waliomzidi umri. Vijana walishuka kwenye baiskeli walipompita barabarani.

"Hapa New York," aliniambia, "mimi nilikuwa mtu wa boila. Hata Jumamosi zangu zilikuwa za chini ya ardhi. Kule nyumbani nilikaa mwangani, Khem, na watu wakavua kofia."

Kila Jumapili alimpigia mkewe simu. Kila Jumapili alimwambia kesi ya ardhi imeahirishwa. Alibuni binamu mkorofi anayedai sehemu. Alimpa hata jina, na maradhi ya moyo, ili kesi ipate sababu ya kusimama. Shangazi Kowsilla akawa anamwombea dua hekaluni binamu yule apate nafuu.

Upande wetu, kazi ya boila alipewa mtu mwingine baada ya miezi mitatu. Shangazi alikuwa akihudumia mzee mmoja kiwete, kumwogesha na kumlisha. Akaongeza wa pili ili nyumba isimame. Theluji ya mbele ya mlango aliizoa mwenyewe. Nilipomkuta na koleo nikamnyang'anya, akasema, "Mume akiwa na kesi utafanyaje, mwanangu? Si ataimaliza?"

Mwezi wa Februari wa mwaka wa pili aliteleza kwenye barafu, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hakumwambia mumewe. Alitukataza wote. "Ana mambo yake kule, msimtie wasiwasi." Hardat alipata habari kutoka kwa mwanamke mmoja aliyekuja na fomu kwenye ile meza yake, ambaye dada yake anaishi mtaa wetu.

"Mkeo maskini, na mkono ule kwenye plasta, bado anamwogesha mzee wa watu kwa mkono mmoja," yule mwanamke alisema. "Wewe Wakili una bahati ya mke."

Hardat aliifunika kalamu. Aliwaambia watu waliobaki kwenye foleni waende nyumbani. Wiki mbili baadaye akapanda ndege. Ilikuwa Machi. Alikuwa amekaa miezi kumi na saba, bila kibali.

Nilimpeleka Shangazi Kowsilla kumpokea. Alivaa sari ya kijani na mabuti ya baridi, na juu ya ile plasta alikuwa amebeba koti zito la Hardat, kwa sababu alijua aliondoka na jaketi jepesi. Wasafiri wa ndege ile walitoka wote, na masanduku yao yaliyofungwa kamba. Walitoka hata wale wa viti vya magurudumu. Tukangoja saa moja. Tukangoja tatu.

"Watakuwa wanamuuliza," nikasema. "Usiogope. Yeye ndiye anayewafundisha wengine."

"Siogopi," akasema. "Nashangaa tu kwamba hajaanza kufoka. Sauti yake ingefika mpaka hapa."

Ndani, Hardat alikuwa ameketi mbele ya ofisa kijana, mwanamke, mwenye adabu. Hilo la adabu alilirudia mara nyingi aliponisimulia. Nadhani angefurahi kama angetukanwa.

"Ulikwenda kwa sababu gani?" ofisa akamuuliza.

"Kaka yangu alikuwa mgonjwa."

"Pole. Anaendeleaje?"

"Alifariki. Desemba."

"Desemba hii iliyopita?"

"Ya kabla yake."

Ofisa akahesabu kwa kidole juu ya meza. "Hiyo ni miezi kumi na mitano. Baada ya mazishi ulibaki kwa ajili gani?"

"Ardhi. Hati za ardhi."

"Zilimalizika lini?"

Hati ilikuwa kwenye mkoba wake, juu ya magoti yake, na tarehe ya Aprili imeandikwa kwa wino mweusi. Hardat aliufunika mkoba kwa mikono miwili. Ofisa akangoja, kisha akamweleza kwa utaratibu kabisa kwamba ana njia mbili. Anaweza kwenda mbele ya hakimu, aeleze kwa nini alikaa, alete ushahidi, mkewe aje kusema, majirani waje kusema. Au, kama kweli alihamisha maisha yake, anaweza kujaza fomu hii ya kuacha ukaazi kwa hiari, arudi kwa ndege ya jioni.

Fomu ile aliijua kama anavyoijua sura yake. Aliwahi kuibandika ukutani kwenye chumba chake cha chini na kuikata msalaba mwekundu, ili watu wamjue adui.

"Nilimwona Kowsilla kichwani mwangu, yuko mbele ya hakimu," aliniambia. "Nilimwona na plasta yake. Anaulizwa, mumeo alikuwa akifanya nini miezi yote hiyo? Naye anajibu, alikuwa na kesi, binamu yake alimshitaki, mgonjwa wa moyo. Na hakimu ananitazama mimi. Na wewe umekaa nyuma, na watu wa hekalu wamekaa nyuma. Khem, nilitia sahihi kabla ofisa hajamaliza kunieleza. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika."

Simu ya Shangazi ililia zikiwa zimeshapita saa tano tangu ndege itue. Nilisikia sauti ya Hardat, nyembamba, ikisema, "Wameninyang'anya kadi. Wananirudisha." Kisha kama mtu aliyekumbuka jambo, akaongeza, "Mkono unaendeleaje?"

Shangazi alijibu, "Koti lako ninalo hapa."

Kuanzia hapo mambo yakawa makubwa kuliko sisi. Hardat kunyang'anywa kadi! Mtu aliyewasaidia nusu ya mtaa! Hekaluni watu walipandwa na hasira. Bwana Latchman, mwenye duka la samaki, aliandika waraka, akapita nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi, mpaka koo likamkauka. Wakapata mwanasheria aliyekubali kuitazama kesi bila malipo. Mtu pekee ambaye hakukasirika ni bibi yangu. Alikuwa akimenya viazi, akaniuliza bila kuinua macho:

"Hakumtaka hakimu?"

"Walimnyang'anya, Bibi."

"Wananyang'anyaje mtu aliyeikalia mikono?"

 Nikamwambia sheria imebadilika.

Mwanasheria aliomba nakala za karatasi, na zilipokuja, alimpelekea Shangazi Kowsilla. Shangazi akaniita jikoni kwake. Plasta ilikuwa imeshatolewa, lakini vidole vya mkono ule bado vilikuwa vigumu. Alinisogezea bahasha.

"Nisomee. Miwani yangu sioni nilipoiweka."

Miwani ilikuwa kichwani kwake. Nikasoma. Palikuwa na jina la Hardat, tarehe, na sentensi inayosema kwamba naacha ukaazi wangu kwa hiari yangu mwenyewe, bila kushurutishwa na mtu. Chini yake sahihi yake, ile ile yenye mkia mrefu tuliyoizoea. Kulikuwa na karatasi ya pili, maelezo ya ofisa: kwamba msafiri alikuwa na hati ya ardhi iliyokamilika Aprili ya mwaka uliotangulia, na hakueleza sababu ya kukaa baada ya hapo.

"Rudia hiyo ya Aprili," akasema.

Nikarudia.

Aliinuka akafungua bomba la maji, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Akaniambia akiwa amenipa mgongo: "Khem, wewe na mimi ndio tuliosoma. Mwambie mwanasheria asante, hatuendelei. Na watu wa hekalu waache waseme wanavyosema."

"Lakini Shangazi, Bwana Latchman anataka kupeleka waraka kwa..."

"Mwambie nimechoka. Mwambie mwanamke amechoka, watakuelewa."

Nilitunza siri ile miaka mitatu. Si mzigo mwepesi. Kila Bwana Latchman alipopanda teksi yangu na kuanza kuwatukana watu wa uwanjani, nilikuwa nikiongeza sauti ya redio.

Jumapili iliyofuata Hardat alipopiga simu, mkewe alimwambia maneno manne tu: "Nimeiona sahihi, na Aprili." Akangoja. Hardat alilia kwenye simu, akamwambia yote: meza ya chini ya nyumba, wale wanaovua kofia, binamu ambaye hakuzaliwa. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kumwaga, akamwaga na la zamani. Barua ya usaili wa uraia haikupotea posta. Aliitwa, alikwenda. Ofisa alipomuuliza swali la kwanza, nani alikuwa rais wa kwanza wa nchi, ulimi wake ulikufa. Swali la pili vilevile. Alitoka na jasho mpaka viatuni, na hakurudi tena. Mbele ya mtu mwenye sare huwa anakuwa mtoto aliyesimamishwa darasani.

"Ile barua ya kushindwa niliiona," Shangazi akamjibu. "Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Nilitaka kufua. Miaka tisa sasa."

"Mbona hukusema?"

"Ungenifokea."

Mwaka huo Shangazi Kowsilla aliomba uraia mwenyewe. Nilikuwa nikimuuliza maswali ya mtihani kwenye teksi, asubuhi nikimpeleka kwa wazee wake. Alifaulu mara ya kwanza. Kisha akajaza fomu ya kumwita mume. Hakuijaza haraka, ilikaa juu ya friji miezi saba, na sikuthubutu kuuliza. Siku moja nikaona haipo. Hardat aliulizwa maswali ubalozini Georgetown, akajibu ukweli, na baada ya miaka mitatu kasoro miezi miwili tangu siku ile ya koti, akatua tena. Alikuwa amekonda. Masharubu yalikuwa meupe yote. Mkewe alimpokea kwa kumwambia, "Umekula?" naye akasema amekula.

Jumapili hekalu lilijaa. Walimwekea taji la maua shingoni. Bwana Latchman alisimama, akasema kaka yetu amerudi kutoka kwenye dhuluma, na watu wakapiga makofi. Wakamtaka aseme machache. Hardat alisimama bila viatu juu ya zulia, maua yanamdondokea kwenye shati.

"Hawakuninyang'anya," akasema. "Nilitoa mwenyewe. Nilitia sahihi. Kaka yangu alikuwa amekufa siku nyingi, na kesi ya ardhi ilikwisha zamani. Nilikaa kwa sababu nilipendezwa na kuitwa Wakili. Nilimdanganya mke wangu, halafu nikawadanganya ninyi."

  Kijana mmoja nyuma alicheka, akakohoa ili afiche. Bwana Latchman alimgeukia Hardat.

"Nilitembea nyumba mia na arobaini kwa ajili yako," akasema. "Kwenye mvua. Mia na arobaini, Hardat."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeniandikia."

Akatoka kwenda kutafuta viatu vyake. Padri akageuza ukurasa, akaanza wimbo, na watu wakaushika kwa nguvu kuliko kawaida ili kupita pale. Wakati wa chakula Hardat alikaa na sahani yake ya roti na kari ya malenge mwisho wa safu, na nafasi mbili kando yake zikabaki wazi. Nikaenda kukaa kwenye moja. Bibi yangu, Mungu ampe umri, aliletewa kiti, akakiweka kwenye nafasi ya pili.  Alimwongezea achari.

Nilidhani Shangazi Kowsilla atakuwa na faraja. Mume amesema kweli mbele ya watu, nini tena? Nilipowarudisha nyumbani, mlango wa teksi haujafungwa vizuri, Shangazi akalipuka.

"Nani alikutuma?"

"Kowsilla, nilikuwa siwezi tena..."

"Wewe huwezi! Mimi nimeweza miaka mitatu! Nimeketi na wale wanawake kila Jumapili, wananishika mkono, pole Kowsilla, pole, na mimi nasema asante. Umeniuliza? Leo wote wanajua kwamba nilikuwa nikimwombea dua binamu ambaye hayupo. Wanajua kwamba mume wangu alinikimbia ili akakalishwe mbele kwenye arusi za watu. Ile aibu ilikuwa yangu pia. Umeigawa kama peremende!"

"Nilitaka kuitua."

"Umeitua kichwani kwangu!"

Hardat aliinamisha kichwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu atue, alisema kwa sauti ya juu kidogo, "Basi ningefanyaje? Niendelee kuvaa maua?"

"Ungeniuliza! Jikoni, tukiwa wawili! Ungesema, Kowsilla, nataka kusema, nami ningekwambia ngoja, tuseme pamoja, au tusiseme. Hata mara moja hujawahi kuniuliza jambo. Hata soksi!"

Waligombana mpaka nyumbani, na mimi nikazipita kona mbili nilizopaswa kukata kwa sababu sikutaka kuwakatiza. Nilipoegesha hawakushuka. Nikazima injini, nikateremka, nikawaachia gari. Nilisimama kwenye ngazi zetu nikiwatazama kupitia kioo: Shangazi anarusha mkono ule uliovunjika, na Hardat anajibu, anasikiliza, anajibu.

Chumba cha chini sasa kina mpangaji. Hardat anafanya kazi ya kupakia mikate kwenye tanuri la mtaa wa pili, anaondoka mapema na kurudi na unga kwenye nyusi. Baadhi ya watu wamerudi kwake na bahasha zao, wengine hawajarudi, na Bwana Latchman anamuuzia samaki bila kumtazama. Kowsilla bado anamkasirikia siku mojamoja. Wiki iliyopita niliwasikia kupitia ukuta wakibishana kama waende Guyana arusi ya mtoto wa mpwa wa Kowsilla, na Hardat alikuwa akiuliza: "Wewe unaonaje? Siku ngapi? Sema wewe kwanza."